Kulinda Banda la Ndege dhidi ya Miti na Dhoruba

Banda la kuku, njiwa au kanga aghalabu ndilo jengo jepesi kuliko yote uani, na mara nyingi hujengwa chini ya mti ili ndege wapate kivuli. Wepesi wa banda na ukaribu wa mti ndivyo huleta hasara kubwa dhoruba inapovuma.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla hakijafika. Hata hivyo, muda wa namna hiyo hutosha kuwahamisha ndege tu. Hautoshi kukata mti wala kuimarisha banda. Kazi hizo ni za kiangazi.

Chunguza mti

Banda salama liko mbali na mti kwa umbali unaozidi urefu wa mti wenyewe. Ili kuupima, simika kijiti cha mita 1 juani. Kivuli chake kitakapofikia mita 1, pima kivuli cha mti kuanzia shinani: urefu wa kivuli hicho ndio urefu wa mti.

Ikiwa nafasi haitoshi, tazama dalili za hatari: matawi makavu, shina lenye uwazi au mchwa, uyoga shinani, au udongo ulioinuka upande mmoja wa mizizi. Mnazi ulio mzima nao huangusha nazi na makuti. Kabla ya kukata, uliza ofisi ya mtaa au kijiji iwapo kibali kinahitajika. Mpatie kazi fundi mzoefu, na muandikiane nani atalipa iwapo tawi litaharibu mali. Ikiwa mti ni wa jirani, zungumza naye mapema.

Funga paa na nguzo

Upepo hauliangushi banda kwa kulisukuma tu. Hupenya kwenye wavu, huinua paa kwa chini, na upepo upitao juu hulivuta paa hilohilo. Kwa hiyo:

- Chimbia nguzo angalau sentimita 60 na uzishindilie kwa zege.
- Funga kila boriti kwenye nguzo kwa ukanda wa chuma au waya mnene. Misumari peke yake hung'oka.
- Usirefushe upenu kupita kiasi, kwa kuwa hapo ndipo upepo hushika.
- Unaponunua bati, kumbuka kuwa namba kubwa ya geji ni bati jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Dai risiti na uitunze.
- Usifunge banda kwenye mti. Mti ukiyumba, banda huyumba nao.
- Usilifunike banda zima kwa turubai. Turubai hugeuka tanga, nao ndege hukosa hewa. Upande unaopokea kusi au kaskazi ujengewe ukuta imara.

Tahadhari inapotolewa

Wahamishie ndege kwenye matenga au maboksi yenye matundu, uyaweke ndani ya nyumba penye hewa. Ondoa mbao, ndoo na mawe yaliyowekwa juu ya bati, maana upepo huyarusha. Upepo ukishaanza kuvuma kwa nguvu, usitoke kwenda bandani. Kuku hununuliwa tena. Mfugaji hana mbadala.

Baada ya dhoruba

Tazama kwanza juu, kisha chini. Waya wa umeme uliokatika ukiligusa banda, wavu wote waweza kuwa na umeme. Usiuguse, wazuie watoto wasikaribie, na uarifu shirika la umeme. Usiingie chini ya tawi lililoegemea paa hata kama ndege wanalia ndani. Subiri tawi liondolewe. Mahali pakiwa salama, piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, kwani zitakufaa katika madai ya bima au katika mapatano na jirani.