Samaki Wapandao Korongo

Katika nchi ya Busi na sehemu nyingine za Kondoa, mito mingi ni makorongo ya mchanga. Wakati wa kiangazi watoto hucheza ndani yake na ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Lakini mvua za masika zikiisha kunyesha kwa nguvu, korongo hujaa maji mekundu, na katika mengine, jioni ile ile, watu huonekana wakishuka na migono, mishipi na taa. Huwafuata kambare.

Wako watu wasemao kwamba kambare huanguka pamoja na mvua, kwa kuwa jana palikuwa pakavu na leo pana samaki. Sivyo. Kambare ana kiungo maalum juu ya matamvua yake, nacho humwezesha kuvuta hewa kama sisi tuvutavyo. Kwa hiyo huweza kukaa katika dimbwi dogo lenye matope, mahali ambapo samaki wengine hufa. Kiangazi chote wachache hujihifadhi katika madimbwi yasiyokauka, katika mabwawa na maziwa. Maji mapya yanapofika na kuunganisha dimbwi na korongo, hutoka wakapanda kuyakabili maji. Hawapandi kwa kutafuta chakula tu, wanakwenda kuzaa.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Katika Ulaya na Marekani yuko samaki mashuhuri aitwaye salmoni. Huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakua huko, kisha hurudi kupanda mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Kambare hafiki baharini, na safari yake ni fupi. Lakini wote wawili wana tabia moja, kwamba mvuvi huwapata kwa urahisi katika saa ile ile wanapokwenda kuleta kizazi kipya. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye hatari.

Kambare jike hutaga usiku, mahali penye maji machache juu ya majani yaliyofunikwa na mafuriko. Mkubwa huweza kutaga mayai makumi ya maelfu. Mayai hushikamana na majani, na katika maji ya joto huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Wazazi hawayalindi, wakiisha kutaga hurudi chini kwenye maji ya kina. Basi anayemkamata jike mwenye tumbo lililovimba katika jioni ya kwanza ya mafuriko amepata kitoweo cha siku moja, naye ameondoa samaki wa mwaka ujao.

Namna ya kuvua jioni ni hizi. Ya kwanza ni mshipi. Kambare huwinda gizani, akipapasa kwa ndevu zake nane, kwa hiyo jua linapotua ndio wakati wake. Chambo chema ni nyungunyungu au matumbo ya kuku, maana huvutwa na harufu. Mshipi hufungwa jiwe dogo ili ukae chini, na mwisho wake hufungwa kwenye kigingi imara. Ya pili ni mgono. Mgono ukitegwa mdomo wake ukielekea maji yaendako, hukamata samaki wanaopanda. Ukigeuzwa mdomo uelekee maji yatokako, hukamata wanaorudi. Mvuvi mwenye busara huacha mafuriko ya kwanza yapite, kisha hugeuza mgono wake. Hapo hupata samaki wale wale, lakini wameisha kuacha mayai nyuma.

Tena si vema kuziba korongo lote kwa uzio. Wamarekani walipomaliza boma la Bonneville katika mto Columbia mwaka 1938, waliona lazima kujenga ngazi za maji kando yake ili salmoni wapate kupita. Ikiwa wenye mitambo mikubwa waliacha njia, sisi wenye fito na miiba tutashindwaje kuacha pengo la hatua mbili?

Katika vidimbwi vitakavyokauka baada ya siku chache, okoteni wote, maana watakufa bure. Lakini katika dimbwi linalodumu mpaka mvua nyingine, acheni wakubwa kadhaa: hao ndio mbegu. Akiba haiozi. Na asiwepo atiaye utupa au sumu yo yote majini. Sumu huua wakubwa na wadogo pamoja, nayo imekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Dimbwi lenyewe nalo lina adui, ndiye mchanga. Udongo ukichukuliwa kutoka vilimani hujaza mashimo ya korongo, na samaki hukosa mahali pa kungoja mvua. Wazee wa Kondoa wanakumbuka kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma iliyoanza mwaka 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa katika sehemu zilizomomonyoka mwaka 1979. Alindaye majani ya kilimani hulinda pia kambare wa bondeni.

Mwisho, walimu wawafundishe watoto neno hili: korongo huweza kujaa ghafula hapa penye nyota, kwa sababu mvua imenyesha mbali huko juu. Asivue mtoto peke yake usiku, wala mtu asisimame katikati ya mchanga. Ikisikika ngurumo ya maji, aacheni mgono, pandeni ukingoni. Mgono husukwa tena kwa siku moja. Na amkamataye kambare ajihadhari na miiba ya mapezi yake ya kifuani; amshike nyuma ya kichwa kwa nguvu. Wanaozidi mahitaji ya nyumba wabanikwe kwa moshi mpaka wakauke, wawe kitoweo cha siku za kiangazi, korongo likiisha kurudi kuwa mchanga.