Uganda: Namna filta ya hewa isiyolingana na gari inavyoimaliza injini

Magari mengi yanayotumika Uganda ni mitumba kutoka Japani, ambayo hushushwa bandarini Mombasa na kufikishwa Kampala kwa barabara. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu lilipotengenezwa, lakini la miaka 12 au 13 bado hupita. Gari la umri huo aghalabu huja bila kitabu cha maelezo, na likija nacho kimeandikwa kwa Kijapani. Hivyo inapofika siku ya kubadili filta ya hewa, kipimo huachiwa jicho la fundi, au la muuza spea katika soko la Kisekka. Filta hiyo ni karatasi iliyokunjwa na kuzungushiwa ukingo wa mpira, tena ni miongoni mwa spea za bei nafuu katika gari zima. Injini inayolindwa nayo ndiyo riziki ya mwenye taksi.

Kazi inayofanywa na karatasi hiyo si ndogo. Ili kuunguza kilo 1 ya petroli, injini huhitaji karibu kilo 15 za hewa, maana yake ni kwamba kila lita ya petroli huvuta takriban lita 9,000 za hewa. Safari inayokula lita 30, mathalani kutoka Kampala hadi Gulu, hupitisha katika filta zaidi ya lita 250,000 za hewa. Katika barabara za changarawe hewa hiyo imebeba vumbi, na sehemu ya vumbi hilo ni chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Ni ndogo mno kuliko unene wa unywele, na hujipenyeza kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikakwangua pande zote mbili kila pistoni inapopanda na kushuka.

Ndiyo maana filta ndogo kuliko kisanduku chake ni hatari kuliko filta chafu. Filta iliyojaa vumbi huibana injini pumzi: gari hupoteza nguvu mlimani, na la dizeli huanza kutoa moshi mweusi. Hata hivyo bado inachuja; vumbi lililotanda juu ya karatasi huzidi kuzuia vumbi jingine. Filta iliyopungua milimita chache ukingoni haileti dalili yoyote kwa dereva. Injini huvuta hewa kutoka palipo na wepesi, na palipo na wepesi ni kwenye upenyo. Gari huenda vizuri kwa miezi, pengine vizuri kuliko awali, hadi oili inapoanza kupungua na moshi wa buluu kutoka nyuma. Hapo ringi zimekwisha.

Kubwa kupita kiasi nayo haifai. Ikilazimishwa, mikunjo hupinda, kifuniko hakikai sawa na vibanio hukatika, na wako wanaofunga kifuniko hicho kwa waya. Upenyo huwa umehamia upande wa pili tu.

Chanzo cha kukosea mara nyingi ni kununua kwa jina la gari. Toyota Premio iliyotoka kati ya 2001 na 2007, ambayo ni maarufu mno Afrika Mashariki, ilikuwa na injini za lita 1.5, 1.8 na 2.0 chini ya boneti ileile. Wakati mwingine injini mbili hutumia filta moja, wakati mwingine hazitumii, na jina halisemi lolote kuhusu hilo. Namba ya chasisi ndiyo inayosema. Gari linaloanza na NZT240 lina injini ya 1.5, ZZT240 ni ya 1.8, na AZT240 ni ya 2.0. Kwa namba hiyo muuzaji mwenye orodha ya spea hupata namba kamili ya filta, ambayo kwa Toyota huanza na 17801. Asiye na orodha hubaki na njia ya zamani ya kupima kwa rula filta iliyotoka: urefu, upana, kimo na unene wa mpira. Njia hiyo ina kasoro moja, nayo ni kwamba filta iliyotoka huenda yenyewe haikuwa sahihi.

Kisanduku chenyewe ni shahidi mzuri zaidi. Filta ikikaa sawasawa, mpira huziba mzunguko mzima, na kifuniko hufungwa kwa vidole bila kusukumwa kwa goti. Baada ya majuma machache ya kutembea vumbini, fundi hufungua na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la hewa linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, filta haizibi au karatasi imetoboka. Matundu ya aina hiyo husababishwa mara nyingi na upepo mkali wa kompresa, ambao gereji nyingi huutumia kusafishia filta za karatasi ili zitumike tena. Filta ikishapulizwa hivyo huinuliwa mbele ya taa, na nukta yoyote ya mwanga inayopita ni njia ya mchanga.