Tairi la Majira ya Baridi Katika Mji Usio na Theluji

Mwenye gari Jeddah hana haja ya tairi la theluji. Hata usiku wa Januari joto la mji huu wa Bahari ya Shamu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 15, ilhali tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira laini unaofanya kazi vizuri pale joto linapokuwa chini ya nyuzi 7. Hata hivyo, familia ya mtaa wa Ruwais inayomiliki gari ina sababu ya kukagua matairi kila Oktoba inapokwisha. Majira ya baridi hapa huleta maji.

Tarehe 25 Novemba 2009, siku mahujaji walipokuwa wakielekea Mina, zaidi ya milimita 90 za mvua zilimwagika Jeddah kwa muda wa saa nne hivi. Hiyo ni karibu mara mbili ya mvua ambayo mji hupata kwa mwaka mzima. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yao. Mafuriko yakarudi Januari 2011, na tarehe 24 Novemba 2022 Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa kikapima milimita 179 ndani ya saa sita katika eneo la kusini mwa mji. Miaka hii mitatu inatosha kumwonyesha dereva mgeni, awe ametoka Mombasa, Kampala au Ujiji, kwamba jangwa nalo lina masika yake.

Mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kwa miezi mingi barabara imekusanya mafuta, vumbi la mpira na mchanga; tone la kwanza likishuka, vyote hivyo vinageuka utelezi. Na tairi linalokutana na utelezi huo limetoka kuchomwa na kiangazi. Tarehe 22 Juni 2010 Jeddah ilifikia nyuzi 52, na lami huwa moto kuliko hewa kwa mbali. Mpira unaokaa katika joto la namna hiyo hukauka, ukawa mgumu na kuanza kupasuka nyufa ndogondogo ubavuni. Kwa mbali kashata za uso wa tairi bado zinaonekana nzima. Kushika lami yenye maji, hapo ndipo linaposhindwa.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha karibu milimita 8. Kazi ya mifereji hiyo ni kuyasukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Kina kikipungua, maji hayapati pa kwenda, gari linapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Ndani ya mifereji watengenezaji huweka vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Kwa mvua ya Jeddah, kungoja mpaka hapo ni kuchelewa. Milimita 3 ni mpaka wa busara zaidi.

Dukani, mteja asianze na bei. Aanze na maandishi ya ubavuni. Tuseme tairi limeandikwa 205/55 R16 91V. Upana wake ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Namba 91 inamaanisha kwamba tairi moja linabeba hadi kilo 615, na herufi V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Hakuna baba wa familia anayehitaji kukimbia hivyo, lakini tangu mwaka 2018 baadhi ya barabara kuu za Saudia zimeruhusu kilomita 140 kwa saa, na joto la ubavu wa tairi hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Vipimo sahihi vya gari vimo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Muuzaji akisema "hili nalo litaingia", mteja arudi kwenye kibandiko hicho.

Matairi mengi yana pia alama za Kimarekani za joto: A, B na C. C ndiyo ya chini kabisa. Kwa safari ya Jeddah hadi Riyadh, karibu kilomita 950 ambazo nyingi ni jangwa lililonyooka, A haina mbadala wa maana. Alama ya pili hupima breki za tairi kwenye lami iliyolowa, kuanzia AA hadi C. Mamlaka ya viwango ya Saudia, SASO, nayo huweka lebo yenye mambo mawili: tairi linavyookoa mafuta na linavyoshika barabara yenye maji. Wanunuzi wengi hutazama la kwanza tu. Kwa anayebeba watoto, la pili lina uzito zaidi.

Kisha tarehe. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka ghalani limezeeka hata kama halijawahi kugusa barabara. Wapo watengenezaji wanaoshauri tairi lipite kwa fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata likiwa na sura nzuri. Kwa jua la Jeddah miaka hiyo mitano ihesabiwe kwa ukali. Tairi la spea lihesabiwe pia. Mara nyingi ndilo lililozeeka kuliko yote.

Wasomaji walioko Dar es Salaam na Mombasa nao wana tairi la theluji la kuogopa, ingawa wengi hawalijui. Magari yaliyotumika Japani hufika bandarini yakiwa bado yamevaa matairi ya baridi, pengine Blizzak ya Bridgestone au iceGUARD ya Yokohama, yameandikwa STUDLESS au yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Kwa kuwa kashata zake ni nene, mwenye gari hufurahi. Lakini mpira ule laini ukitiwa kwenye lami ya nyuzi 50 huliwa haraka, gari hupepesuka kwenye kona, na breki huhitaji umbali mrefu zaidi. Ni bora kuyatoa yangali mapya.

Kufunga kuna mambo yake. Ukiweza, badilisha yote manne. Fedha ikitosha mawili tu, yale mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi hupinga jambo hili, lakini sababu ni rahisi: tairi la mbele likiteleza, dereva anahisi na kupunguza mwendo, la nyuma likiteleza, gari linazunguka kabla hajajua. Tairi lenye mshale lielekee upande wa mwendo, na lenye neno OUTSIDE liwe na neno hilo nje. Valvu ziwe mpya, balansi ipimwe, nati zikazwe kwa mkao wa nyota na kukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo ndio unaochezewa zaidi. Kwa banshari wa Jeddah, kama kwa fundi pancha wa Kariakoo, utasikia ushauri wa kupunguza upepo wakati wa joto ili tairi lisipasuke. Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolipasha joto mpaka lipasuke. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko. Riyadh ina tabia ya ziada: tairi lililojazwa mchana wa Agosti kwenye nyuzi 45 laweza kupoteza psi 5 au zaidi alfajiri ya Januari, bila kutoboka popote. Ama naitrojeni inayouzwa kwa kifuniko cha kijani, haina ubaya. Ila hewa ya bure nayo ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Fahasi, yaani ukaguzi wa magari wa kila mwaka wa Saudia, haitoshi. Gari binafsi jipya halifiki huko mpaka litimize miaka mitatu, na miaka mitatu ya jua inatosha kulimaliza tairi la bei nafuu.

Tairi zuri nalo lina kikomo. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi, yakiwemo yale makubwa. Njia ya chini ya daraja ikijaa, usijaribu kuipita hata kama gari la mbele limepita. Geuza, panda barabara ya juu, ungoje mvua ipungue.