Kabla ya kuhamisha Windows, toa kwanza sauti za wazee
Na Mwandishi Wetu, Hail, Muscat

Laptopu yangu ilianza kulia tik, tik, tik usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Aliyewahi kuusikia mlio huo anajua maana yake: diski inakata roho.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na kazi yangu ya miaka 12, yaani sauti za wazee wa Unguja na Pemba wanaoishi hapa Oman, nilizozirekodi nyumba kwa nyumba tangu nilipofika huku na begi moja. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Najua wasomaji wetu wengi, wa ughaibuni na wa nyumbani, wana mashine kama yangu. Bado nzima, ila ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi ukaikuta haijaamka. Ushauri unaotolewa ni mmoja tu: weka SSD. Na ni ushauri wa kweli. Diski ya kizamani ina visahani vinavyozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachokimbia huku na huko kutafuta kila kipande cha faili. SSD ni chipu tupu, hakuna kinachozunguka, na kipande hicho hicho inakipata upesi mara mia na zaidi.

Lakini kunakili mafaili peke yake hakutoshi. Windows ina sehemu zake zilizofichwa ambazo ndizo zinazoiamsha mashine; ukihamisha mafolda tu, diski mpya haitowaka. Inatakiwa programu ya kuichukua diski nzima kama ilivyo, mfano Clonezilla, ambayo ni ya bure. Hiyo, kwa kawaida yake, inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani nusu yake ni tupu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Na ukishamaliza, usiiwashe mashine diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, maana sasa ni pacha na Windows itazichanganya.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilikwenda Ruwi, nikanunua SSD ya gigabaiti 500, waya wa USB wa kuichomekea na bisibisi ndogo, nikarudi Hail tayari kuanza. Aliyenizuia ni mtoto wa jirani, anayesomea uhandisi. Aliweka sikio juu ya mashine, akasema: "Ami, Windows ipo tele, hata kesho utaipata. Toa sauti za wazee kwanza."

Wallahi sikuwa nimelifikiria. Kuhamisha mfumo wote ni kuilazimisha diski iliyo mgonjwa isomwe yote, pamoja na programu na michezo ambayo huna haja nayo, na inaweza kufia njiani ikiwa imehamisha takataka na kuacha lulu. Tukaitoa, tukaichomeka kwenye kompyuta yake, tukanakili folda moja baada ya nyingine mpaka adhana ya alfajiri. Mfumo tuliuhamisha siku ya pili, na alhamdulillahi ukahamika.

Sasa mashine inaamka kabla sijakaa vizuri kitini. Hata hivyo wepesi huo haukuifanya Windows 10 kuwa changa: Microsoft ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 haiikubali prosesa yangu. Kwa hivyo naitumia kusikilizia na kuandikia, nje ya intaneti. Wala SSD si sanduku la amana. Ikifa hufa kimya, bila ya mlio wa kukuonya, na ukiiweka kabatini miaka bila ya umeme, khasa katika joto letu hili, inaweza kupoteza kilichomo. Sauti nimeziweka pia kwenye diski nyengine ya kuzunguka, na nakala ya tatu ipo kwa jamaa yangu London.

Mafaili mawili hayakusomeka sawasawa. Moja ni mazungumzo yangu mwenyewe, halina maana. La pili ni la bibi mmoja aliyeondoka Pemba kwa jahazi baada ya Mapinduzi ya 1964. Linafika dakika ya 17, pale anapoanza kuwataja kwa majina waliokuwemo jahazini, kisha linakatika. Binti yake yupo Mawaleh. Nimempelekea hizo dakika 17.