Mashine Nyepesi ya Kukatia Ua

Kampuni ya kutunza bustani ikishapata mikataba ya shule moja na hoteli mbili tatu, iwe Karen, Njiro au Masaki, mkasi wa mikono hautoshi tena. Ua mrefu unaokatwa pande zote mbili na juu hula siku nzima, na wiki inayofuata kuna mwingine unaosubiri. Hapo mwenye kampuni huenda dukani kutafuta mashine, na akishauliza bei, swali linalofuata huwa ni nguvu ya injini. Naamini swali hilo linatangulia mahali pasipo pake. Mashine ya kazi ya kila siku ichaguliwe kwa kuanzia na mwili wa mtu atakayeishika saa baada ya saa, na injini ifuate. Anayenunua kwa ajili ya kupunguza ua wake mara mbili kwa mwaka anaweza kupuuza jambo hili. Mwenye vibarua wanne hawezi.

Tatizo ni kwamba wepesi hausomwi kwenye boksi. Uzito unaotajwa kwa mashine za petroli kwa kawaida ni wa tangi tupu. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, kwa hiyo tangi la nusu lita likijazwa huongeza kama gramu 370. Kwa mashine za betri pengo ni kubwa zaidi, maana mara nyingi uzito ulioandikwa ni wa mashine bila betri yake, na betri inayofaa kazi nzito huweza kuongeza kilo moja au zaidi. Hata baada ya kuzijumlisha kilo hizo zote, bado hujaupata uzito anaousikia mfanyakazi. Ndoo ya maji iliyobebwa karibu na mwili haichoshi kama ileile ukiishika kwa mkono ulionyooshwa, na mashine ya ua karibu wakati wote huwa mbele ya mwili. Mzigo ukisogea kutoka sentimita 30 hadi 60 mbele ya bega, bega linavutwa mara mbili ya awali, ingawa kwenye mizani haujaongezeka hata gramu. Ndiyo maana urefu wa bledi una uzito wake katika uamuzi huu. Bledi ya sentimita 75 humaliza haraka ua mpana ulionyooka, lakini husogeza uzito wote mbele. Kwa kazi mchanganyiko, sentimita 50 hadi 60 zinatosha. Kwa ua unaopita kichwa, dawa ni mashine ya mpini mrefu inayotumiwa miguu ikiwa chini. Kuinyanyua mashine ya kawaida juu ya mabega, au kupanda nayo ngazi, ni kumtafutia mtu ajali.

Kuna mzigo mwingine usiopimwa kwa kilo, nao ni mtetemo. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza wachonga mawe wa Bedford, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vinavyopauka na kufa ganzi. Tangu hapo ugonjwa huo umejulikana kwa watumiaji wa mashine nyingi za mkononi, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi hali yake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka kipimo cha mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8 kuwa kiwango ambacho mwajiri akikifikia lazima achukue hatua, na mita 5 kuwa kikomo kisichopitwa. Hesabu yake inastahili kueleweka na kila mnunuzi, kwa sababu mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda salama hupungua mara nne. Mashine ya mita 2.5 inakifikia kiwango cha kuchukua hatua baada ya saa 8, ya mita 5 baada ya saa 2, na ya mita 10 baada ya nusu saa tu. Watengenezaji wanaouza Ulaya hutakiwa kuutaja mtetemo katika kijitabu cha maelekezo, na kijitabu hicho hicho mara nyingi ndicho kinachokuja kwenye boksi linalofika Nairobi au Dar es Salaam. Ukurasa huo usomwe kabla ya kulipa. Wapo watakaosema kwamba vidole vyeupe ni ugonjwa wa nchi za baridi. Ni kweli kwamba baridi ndiyo huvipausha vidole, lakini ganzi na kulegea kwa mshiko havisubiri baridi, na asubuhi ya Julai huko Limuru si ya joto hata kidogo.

Pingamizi kubwa la mafundi wa bustani lina msingi zaidi: mashine nyepesi haikati michongoma. Kayaba iliyoachwa mwaka mzima, yenye miiba mirefu na matawi ya unene wa kidole gumba, huizima mashine ndogo, na bogenvilia iliyozeeka vivyo hivyo. Lakini tuangalie kilichosababisha. Tawi haliwezi kukatwa kama haliingii kati ya meno, na kwenye mashine nyingi nafasi hiyo ni kama sentimita 3. Tawi linalokaribia unene huo ni kazi ya msumeno au mkasi wa mipini mirefu, hata kama injini ni kubwa namna gani. Ua uliotelekezwa urudishwe chini kwanza kwa vifaa hivyo, kisha ukatwe mara kwa mara machipukizi yakiwa bado laini, na hapo mashine nyepesi itauweza bila shida. Mimea yenyewe inadai utaratibu huo. Msaiprasi ukikatwa ndani hadi kwenye mti usio na majani, sehemu hiyo haichipui tena, na pengo hubaki hapo daima. Nguvu nyingi mikononi mwa mtu aliyechoka ndiyo huacha mapengo ya namna hiyo.

Kuhusu betri na petroli, sioni sababu ya ushabiki. Betri haina moshi, haina kelele nyingi, na mota yake hunyamaza kidole kikiachia, hivyo mikono hupumzika kila mara mtu anaposogea. Kwa hoteli na hospitali ningechagua hiyo, pamoja na betri ya pili inayochajiwa wakati ya kwanza ikifanya kazi. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, petroli bado inatawala, mradi oili ichanganywe kama kijitabu kinavyosema. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita, na kukisia kwa macho ndiko huua injini.

Bei hubaki kuwa hoja ngumu, na siipuuzi. Mashine nyepesi ya kazi za biashara ni ghali kuliko ya nyumbani yenye uzito uleule, na mwenye kampuni anaweza kudhani analipia jina. Anachotakiwa kutazama ni kile kinachodumu: gia za chuma zenye mahali pa kuingizia grisi, bledi inayonoleka kwa tupa, vishikio vyenye mpira au springi za kuzuia mtetemo, na spea zinazopatikana mjini mwake. Asome pia dhamana, kwani watengenezaji wengi huifupisha mashine ikitumiwa kibiashara. Bledi butu nayo hubatilisha fedha zote hizo, kwa maana hurarua badala ya kukata na kuongeza mtetemo.

Kwa hiyo, mwenye kampuni, usiende dukani peke yako. Nenda na mtu atakayeitumia mashine hiyo, muombe muuzaji aijaze mafuta au aifunge betri, kisha mwache aishike kwa dakika 10 akiigeuza pembeni na juu kama anayekata ua. Mikono yake ikianza kutetemeka kabla ya muda huo kwisha, irudishe kaunta na uombe nyingine.