Je, Wajua? Kenya Haijawahi Kuwemo Kwenye Orodha ya Hifadhi ya Muda ya Marekani

Birongo, katika Kaunti ya Kisii, si ajabu kuambiwa kwamba kijana wa boma fulani yuko Minnesota na bado anangoja makaratasi. Makaratasi yenyewe ni ya namna nyingi, na watu huyachanganya. Namna mojawapo ni Hifadhi ya Muda, maarufu kama TPS.

Je, wajua kwamba hifadhi hii haiombwi ukiwa nyumbani? Serikali ya Marekani huitangaza nchi iliyokumbwa na vita, tetemeko la ardhi au mlipuko wa maradhi. Raia wa nchi hiyo ambao tayari wako Marekani kufikia tarehe iliyowekwa ndio wanaojiandikisha. Wakikubaliwa, hawarudishwi kwao kwa miezi 6, 12 au 18, na hupewa kadi ya kuwaruhusu kufanya kazi. Muda ukiisha, serikali huamua kuongeza au kufunga. Kwa hiyo wakala anayeahidi kukutafutia TPS hali ungali Birongo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Majirani zetu wengi wamewahi kuingizwa kwenye orodha: Somalia mwaka 1991, Rwanda 1994, Burundi na Sudan 1997, Sudan Kusini 2011, Ethiopia 2022. Kenya haimo. Hata mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba zilipoteketezwa Chebilat, mpakani mwa Borabu na Sotik, na zaidi ya Wakenya 1,000 wakauawa kote nchini, haikutangazwa. Mwanafunzi wa Kikenya aliyeogopa kurudi wakati ule ilibidi aendelee na masomo, au aombe ukimbizi kwa jina lake mwenyewe na kuthibitisha hatari inayomkabili yeye binafsi.

Na je, wajua kwamba sheria iliyoleta TPS ndiyo hiyo hiyo iliyoleta bahati nasibu ya kadi ya kijani? Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 29 Novemba 1990. Mlango mmoja ulikuwa wa muda, wa pili ulikuwa wa kudumu. Mkenya hakuwahi kuupitia ule wa kwanza, lakini ule wa pili umewafikisha Marekani wengi wa kwetu wakiwa na haki ya kazi tangu siku ya kutua. Katika hayo mawili, naona Mkenya alipata lililo bora.

Kwani hifadhi ya muda ina ukatili wake. Kisiwa cha Montserrat katika Karibea kiliharibiwa na volkano, na watu wake wakapewa TPS mwaka 1997. Ikafungwa mwaka 2005, na sababu iliyotolewa ni kwamba volkano ingeweza kuendelea kulipuka miaka mingi mno, hivyo balaa lao halikuwa la muda tena! Hapo sheria ilimwacha mtu kwa kuwa msiba wake ulikuwa mkubwa kupita kipimo.

Waliberia, ambao wengi wao wanaishi Brooklyn Park huko huko Minnesota, walianza kuhifadhiwa mwaka 1991. Waliendelea kwa vibali vya kuongezwa na kuongezwa, watoto wakazaliwa, nyumba zikanunuliwa, mpaka Bunge la Marekani lilipowafungulia njia ya ukaazi wa kudumu Desemba 2019. Miaka 28! Na Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba TPS peke yake haimpi kadi ya kijani mtu aliyeingia nchini bila kibali.

Nasi tusiwanyooshee wengine kidole tu. Sheria ya uhamiaji ya Kenya ya 2011 ina kibali cha kazi cha Daraja M, mahususi kwa wakimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki yao ya kujitafutia riziki. Lakini wengi wao bado wamo Kakuma na Dadaab, kambi zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kukipata kibali hicho kumekuwa kugumu.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kuuza shamba au kuitisha harambee ya nauli, muulize anayekualika: kibali unachoniambia ni cha muda au cha kudumu, kinaruhusu kazi au hakiruhusu, na kinaisha lini? Akishindwa kujibu hayo matatu, usimpe hata shilingi.