Kununua kombaini au kuikodi? Hesabu inayowakabili wakulima wa mpunga Rwanda

KIGALI – Mpunga ulioiva hausubiri. Ukichelewa shambani, punje hupukutika, ndege huushambulia na mvua huulaza matopeni. Hata hivyo, katika mabonde ya Rwanda, kuanzia Bugarama wilayani Rusizi hadi Muvumba wilayani Nyagatare, sehemu kubwa ya mavuno bado hukatwa kwa mundu. Vibarua wanapokuwa adimu, vyama vya ushirika hulazimika kujiuliza: je, ni heri kununua kombaini, mashine inayokata, kupura na kupepeta kwa mkupuo mmoja, au kumwita mwenye nayo na kumlipa kwa hekta?

Kwa mkulima mmoja mmoja jibu ni rahisi. Mashamba mengi nchini hayafikii hekta moja, na mabondeni mwanachama wa ushirika hulima ari chache tu. Hakuna mashine inayoweza kujilipa kwa eneo dogo namna hiyo. Swali ni la ushirika mzima.

Hekta ndizo huamua

Gharama za kumiliki mashine ni za aina mbili. Zipo zinazolipwa hata ikiwa imelala bandani: riba ya mkopo, bima, uchakavu na ujira wa fundi. Nyingine, kama mafuta, huja inapofanya kazi.

Chukulia mfano wa kombaini inayougharimu ushirika faranga milioni 9 kwa mwaka kabla ya mafuta na dereva, ambavyo ni faranga 30,000 kwa hekta. Chukulia pia kwamba bei ya kukodi, vyote vikiwemo, ni faranga 120,000 kwa hekta. Bonde la hekta 30 linalovunwa mara mbili kwa mwaka litatoa hekta 60, na kila hekta itagharimu faranga 180,000. Hiyo ni hasara. Bonde la hekta 75 litatoa hekta 150, na gharama itashuka hadi 90,000. Mizani husawazika kwenye hekta 100 kwa mwaka, yaani bonde la hekta 50.

Bei hubadilika, lakini kanuni haibadiliki: kabla ya kuuliza bei ya mashine, ushirika uulize itavuna hekta ngapi.

Mashine moja, wateja wengi

Kukodi nako kuna hatari yake. Mpunga wa majirani huiva wakati mmoja, na mwenye kombaini hawezi kuwa kila mahali. Anayengojea zamu huweza kupoteza mavuno kuliko fedha alizookoa.

Nchini Marekani, tatizo hilo hupunguzwa na ukubwa wa nchi. Mwaka 1944, wakati wa vita, kampuni ya Massey-Harris ilipeleka mashambani takriban kombaini 500 zilizofuata ngano ilivyokuwa ikiiva, kutoka kusini kwenda kaskazini. Hadi leo vikosi vya kukodiwa huanza Texas na kusonga hadi karibu na mpaka wa Kanada. Karibu zaidi, nchini Kenya, kombaini za kukodi zimezoeleka katika mashamba ya ngano ya Narok na ya mpunga ya Mwea.

Rwanda haina umbali wa namna hiyo, lakini ina kalenda. Ushirika unaogawa maji kwa zamu unaweza pia kupanga tarehe za kupandikiza, ili vitalu viive kwa kupishana. Hilo humfaa hata mwenye mashine yake: kombaini inayovuna hekta 3 kwa siku huhitaji siku 17 kumaliza hekta 50, bila kuhesabu siku za mvua.

Kabla ya mashine kuingia bondeni

Maji hayana budi kuondolewa mapema ili ardhi ikauke, na kwenye udongo laini hufaa mashine yenye minyororo badala ya magurudumu. Mpunga wa kombaini hutoka kwa wingi na ungali na unyevu. Bila maturubai na uwanja wa kuanikia, hasara ya shambani huhamia ghalani. Mkataba wa kukodi nao utaje tarehe, bei kwa hekta, na nani atabeba hasara mashine ikiharibika au ikimwaga punje.

Lipo pia suala la vibarua. Kukata na kupura ni kipato cha familia nyingi zisizo na shamba, na kombaini huifuta kazi hiyo kwa siku chache. Kuanika, kupakia na kupandikiza bado huhitaji mikono, lakini si mingi kama iliyokuwa ikishika mundu. Ushirika unaopiga hesabu ya faranga kwa hekta utalazimika kuwapigia hesabu watu hao pia, kwa kuwa wengi wao ni majirani wa bonde hilohilo.